CPA au ACCA? Dada nisaidie, kila mtu ananiambia lake

SWALI: Shikamoo dada. Nimemaliza digrii ya uhasibu mwaka jana, saa hizi nipo Mwanza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, naingiza mauzo na kupeleka ritani za VAT TRA, basi. Rafiki yangu anasema nipige ACCA, cheti cha uhasibu cha Uingereza, maana CPA ni cheti cha Bongo tu, bosi anasema CPA, mtandaoni naambiwa CFA ndo yenye hela. Mshahara wenyewe mdogo. Nianze na ipi, au nipige mbili kwa pamoja? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. CFA tuiweke pembeni, ni nzuri sana ila ni ya watu wa uwekezaji, wanaochambua hisa na hatifungani, kama hiyo siyo kazi unayoitaka utahangaika na levo zote tatu bure.

Tubaki na hizo mbili. Watu wanauliza ipi kubwa, mimi nakuuliza unataka kufanya kazi wapi na kusaini nini. Hapa Tanzania anayesajili wahasibu na wakaguzi ni NBAA, bodi ya wahasibu inayotoa hiyo CPA, sheria yake ya tangu 1972, kwa hiyo hata uwe na ACCA yako safi, siku ukitaka kufungua ofisi usaini ripoti za ukaguzi lazima upite kwao tu. Ila kama ndoto yako ni Dubai au makampuni ya kimataifa, ACCA ina nguvu kweli, waajiri wa kule wanaijua bila kuelezwa.

Sasa hela. ACCA unalipa kwa pauni, kila pepa na ada yake, na kuna ada ya mwaka hata kama hujafanya mtihani, mapepa 13 japo digrii inaweza kukusamehe hadi 9, shilingi ikishuka unaumia wewe. Kwa mshahara wa dukani hapana mdogo wangu. CPA unalipa kwa shilingi, na kwa digrii ya uhasibu mara nyingi unaanzia Intermediate, yaani ngazi ya kati. Ubaya wake mitihani ni Mei na Novemba, ukifeli unasubiri miezi sita, mimi nililirudia pepa la ukaguzi na najua inavyouma, nilikuwa nakariri notsi bila kufanya maswali ya miaka ya nyuma kwa kujipimia muda.

Kwa hiyo anza CPA, mbili kwa pamoja usijaribu, ACCA utaongeza baadaye ukiwa na kipato.

Ila kuna kitu hujauliza na ndo kinanipa wasiwasi. Kote kuwili wanataka na uzoefu wa kazi wa miaka 3, na kuingiza mauzo peke yake hakutoshi. Ongea na bosi, maana anaonekana anakutakia mema, akuachie kulinganisha taarifa ya benki na vitabu, kuhesabu stoo, kufunga hesabu za mwezi. Akikataa, tafuta ofisi ya ukaguzi hapo Mwanza, hata ndogo, hata kama mshahara utapungua kidogo.