Upanga wa nuru: unachomolewa, unafunguliwa au unawashwa?

SWALI: Ninaandika hadithi ya bunilizi ya kisayansi. Mhusika wangu hubeba kiunoni mpini mtupu. Akibonyeza kitufe, bapa la nishati hutokea, na akibonyeza tena hupotea. Niliandika "alichomoa upanga". Mwenzangu aliyenisomea rasimu akasema niandike "aliufungua upanga", na mhariri akapendekeza "aliuwasha". Tena, upanga huo ukikoma ghafla katikati ya pambano, niseme umezima, umezimwa au umezimika?

JIBU: Ndugu msomaji, ugumu unaokusumbua hautokani na udogo wa Kiswahili. Unatokana na silaha yenyewe. Msamiati wetu wa upanga ulijengwa juu ya chuma, na chuma hakipotei: kikiwa ndani ya ala kipo, kikiwa mkononi kipo, na kazi ya kitenzi ni kueleza tu kimetoka wapi na kimekwenda wapi. Upanga wa mhusika wako haupo kabisa mpaka uwashwe. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kitenzi, mwandishi hana budi kujiuliza anasema habari za mpini, za mkono wa mwenye mpini, au za bapa, kwa kuwa kila kimoja kinadai kitenzi chake.

Tuanze na vitenzi vya chuma. Kiswahili cha zamani kilisema "kufuta upanga", yaani kuutoa alani, na wasomaji wa Biblia ya Union Version bado wanakutana nacho katika Mathayo 26:51, pale mmoja wa wafuasi wa Yesu anapoufuta upanga wake na kumkata sikio mtumwa wa Kuhani Mkuu. Ni kitenzi kizuri, nami husikitika kukiona kinasahaulika, lakini sikushauri ukitumie hapa. Msomaji wa leo akisoma "aliufuta upanga" ataona mtu mwenye kitambaa mkononi anapangusa damu. "Kuchomoa" kinaeleweka zaidi, ila katika mazingira ya umeme kimekwisha kupata kazi nyingine: tunachomeka chaja ukutani na tunaichomoa. Ukiandika "alichomoa upanga wa nishati", msomaji anaweza kudhani ameukata kwenye umeme, kinyume kabisa cha ulichokusudia. Usikitupe, lakini. Kiwekee mpini, kwa sababu mpini ndio unaotoka kiunoni: "alichomoa mpini mshipini". Hapo kimekaa mahali pake.

Pendekezo la mwenzako lina mizizi ya kweli katika usemi wa kila siku, kwani katika nyumba nyingi watu husema "fungua redio" na "funga taa", na wala hawakosei. Tatizo ni kwamba neno upanga lina historia yake na "kufunga". Shujaa hujifunga upanga kiunoni au pajani, kama Zaburi ya 45 inavyomhimiza mfalme afanye. Basi mhusika wako "akifunga upanga" baada ya pambano, nusu ya wasomaji watamwona akizima silaha na nusu nyingine watamwona akijiandaa kwa vita. Kitenzi kinachoweza kusomwa kwa maana mbili zinazopingana hakifai katika pambano, ambapo msomaji anahitaji kujua mara moja nani yuko hatarini.

Kwa hiyo mhariri wako yuko karibu zaidi na ukweli. "Kuwasha" ndicho kitenzi cha mkono: mtu huwasha moto, kibatari, karabai, tochi, gari na simu, na vyote hivyo vina tabia moja na silaha yako, kwamba kifaa kipo tayari ila kazi yake haijaanza. Hata historia ya silaha hii inaunga mkono. Katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, iliyozieneza panga hizi duniani, mpini wa mhusika mkuu ulitengenezwa kutokana na mshikio wa taa ya kupigia picha ya kamera za Graflex. Mpini ule ulikuwa taa tangu mwanzo, na taa huwashwa.

Hata hivyo "kuwasha" kina mtego. Ni kitenzi cha kusababisha kilichotokana na "kuwaka", na kinahitaji mtendaji. Upanga wenyewe hauwashi, upanga unawaka. Ukiandika "upanga wake ulikuwa unawasha", msomaji atafikiria upupu, au upele unaomfanya mtu ajikune. Andika "aliuwasha upanga", "upanga ukawaka", na kwa wingi "panga zao zikawaka". Kuhusu wingi huo uwe mwangalifu na upatanisho wa kisarufi, kwa sababu "mapanga yao yakawaka" kutatupeleka kwa wafyeka majani.

Limebaki bapa, na hapa ndipo ninapotamani waandishi wetu wathubutu zaidi. "Kuwaka" kunatueleza kwamba kuna nuru, lakini hakutuonyeshi ule mwendo wa bapa kurefuka kutoka mpinini hadi nchani, ambao ndio uzuri wa silaha yenyewe. Kiswahili kina kitenzi kinachobeba nuru na mwendo kwa pamoja: "kuchomoza". Jua huchomoza, hutokeza ncha kwanza, kisha likaonekana lote. "Bapa la nuru likachomoza mpinini" ni sentensi ambayo msomaji anaiona kwa macho. Na kwa kuwa tumeazima lugha ya jua, kinyume chake kipo tayari, maana jua likishachomoza huzama: "bapa likazama mpinini". Kama bapa lako linarudi polepole huku likipungua nguvu, sema "likanywea". Kama linatoweka mara moja, "likatoweka" kunatosha, bila kuongeza kielezi cha ghafla.

Ukitaka kuona jinsi nishati inavyowaka kweli, itazame taa ya tyubu ya zamani mtu anapobonyeza swichi. Mvuke wa zebaki uliomo ndani hugeuka plazma, yaani gesi yenye chaji za umeme, lakini haufanyi hivyo kwa hatua moja: ncha mbili za tyubu hupata wekundu, taa hupepesa mara mbili tatu, kisha hutulia na kubaki ikivuma kidogo. Huko kuna vitenzi vitatu vya kutumia: kupepesa, kutulia, kuvuma. Kitenzi cha mwisho tunakitumia pia kwa nyuki na upepo, nacho ndicho ningekichagua kwa sauti ya upanga uliokwisha kuwaka.

Sasa swali lako la pili. "Umezimwa" kunadai kwamba kuna aliyeuzima, hata kama hatajwi: mwenyewe alibonyeza kitufe, au adui aliupiga mpini. "Umezimika" ni kauli ya kutendeka. Upanga umefikia hali hiyo, chaji imekwisha au kitu ndani kimekufa, na msomaji haelekezwi kumtafuta mkosaji. Kwa pambano unalolieleza, ambapo silaha inamsaliti mwenyewe, "umezimika" ndilo jibu. "Umezima", kama katika "taa imezima", kunasikika kila mahali na sitamlaumu anayesema hivyo. Kuache kinywani mwa wahusika, lakini katika masimulizi shikilia "umezimika". Jihadhari pia na "kuzimia", kwani hapo aliyeanguka ni shujaa na si upanga.

Jambo moja hukuliuliza, lakini nimelihisi katika barua yako, nalo ni jina la silaha. "Upanga wa nishati" ni sahihi, ingawa nishati ni neno la wizara na la darasa la fizikia, na huchosha likirudiwa kila ukurasa. "Upanga wa mwanga" ungependeza kama mwanga isingekuwa pia jina la mchawi wa usiku. Katika hadithi yenye giza na mapambano, msomaji wa pwani anaweza kuusoma kuwa upanga wa mchawi. Ningechagua "upanga wa nuru". Na kama bapa lako linaunguza, kumbuka kwamba Mwanzo 3:24 tayari imetupa "upanga wa moto uliogeuka huko na huko", mlangoni pa Edeni.

Aya yako basi ningeiandika hivi: "Alichomoa mpini mshipini, akabonyeza kitufe. Upanga ukapepesa, kisha bapa la nuru likachomoza na kuanza kuvuma. Wakakabiliana. Katika pigo la tatu upanga wake ukazimika, akabaki ameshika mpini mtupu."