Kabla hujauzunguka Mlima Longonot, sikiliza yaliyonipata

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, wenzangu kazini wamepanga twende Longonot Jumamosi ijayo. Nivae raba gani?" Nilicheka, halafu kicheko kikakatika. Swali hilohilo nililiuliza mwaka jana, na nilichojibiwa ni habari za raba tu.

Mdogo wangu, raba tutazifikia. Kwanza jua kwamba pale Longonot, mlima wa volkano karibu na Naivasha, Kenya, kuna safari mbili. Kutoka geti la hifadhi hadi ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano juu ya mlima, ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo wenyewe mpaka urudi pale ulipoanzia ni kilomita 7.2 nyingine, kisha zikungoje zile 3.1 za kuteremka. Wengi wanaojisifu kwamba wamepanda Longonot waliishia ukingoni, wakapiga picha, wakashuka kwenda kula nyama choma Naivasha. Sina neno nao. (Ninalo, ila tuyaache.)

Mara ya kwanza nilikwenda na kundi la watu wa kazini, na kiongozi mwenye filimbi shingoni. Nilipanda kwa pupa ili wanione. Nilikuwa na chupa moja ya maji ya nusu lita, nayo ilikwisha kabla sijauona ukingo. Huko juu hakuna bomba wala kioski. Nilipofika nikachungulia ndani ya kreta: msitu mzima uko chini kabisa, miti imebanana kama sukuma wiki kwenye gunia, na mahali fulani kwenye kuta mvuke unafuka. Nikakaa chini nikijua nimemaliza. Filimbi ikalia. "Haya, tuzunguke!"

Jina Longonot limetokana na neno la Kimaasai, Oloonong'ot, mlima wa migongo mingi, na waliolitoa walijua wanachosema. Ukitazama kutoka barabara ya Mai Mahiu utadhani juu ni tambarare. Wapi! Unapanda kigongo, unashuka, unapanda kingine, na njia penginepo imechimbwa na mvua ikawa mfereji wa kupitisha mguu mmoja. Udongo ni majivu ya volkano, laini kama unga. Ukipiga hatua moja, unarudi nusu. Kuelekea Kilele Ngamia, sehemu ya juu kabisa ya ukingo, mita 2,776, nilikuwa natambaa kwa mikono.

Sikufika. Magoti yalianza kutetemeka nikiwa nakiona kilele kabisa. Kiongozi alinitazama, kisha akawaambia wenzangu, wala si mimi: "Huyu arudi, atatuchelewesha." Nikarudi peke yangu, koo kavu, nikipishana na watoto wa shule wanaopanda wakiimba. Jioni picha ikaingia kwenye grupu la WhatsApp: "Timu nzima kileleni!" Timu nzima. Wenzangu kumi na mmoja wakaweka alama ya dole gumba. Nilijiondoa kwenye grupu usiku uleule, na sijajuta.

Miezi minane ya mazoezi sitakusimulia, haina utamu. Ngazi za ofisini, vilima vya Ngong, ngazi, Ngong.

Mwezi uliopita nilirudi na mdogo wangu wa kike. Tulilipia kiingilio kwa simu tukiwa bado nyumbani, maana pale getini hawapokei taslimu. Tulianza asubuhi mapema, twiga wakiwa bado wanakula miti karibu na njia, kila mmoja na lita tatu za maji mgongoni. Tulikwenda polepole mpaka watu wakatuonea huruma. Juu ya Ngamia niliona Ziwa Naivasha lote, mvuke wa Olkaria wanakozalisha umeme wa jotoardhi, na mlima Suswa upande wa kusini. Nikakigusa kibao cha kilele kwa viganja viwili. Machozi yalinitoka, mdogo wangu akadhani ni vumbi, nami nikamwacha adhani hivyo.

Kwa hiyo ushauri wangu: beba maji. Lita mbili ni chache, beba tatu. Chukua leso ya kufunga puani, kwa sababu vumbi la aliyekutangulia utalila wewe. Nenda polepole kuelekea ukingoni ili miguu ibaki na kitu cha kuzungukia. Ukifika nusu ya mzunguko, kurudi na kuendelea ni umbali uleule, basi endelea. Na maji, nimesema?

Kubwa zaidi, chunguza unaokwenda nao. Nyinyi mnaoongoza misafara, mtu wa mwisho ndiye msafara wenyewe. Ukimwacha mtu mlimani kwa ajili ya picha, hata kazini utamwacha, hata hospitali utamwacha. Vijana wa siku hizi tunakimbilia kilele na hatujui jina la anayehema nyuma yetu. Tubadilike, jamani. Nasema haya bila kinyongo.

Sasa raba. Vaa zenye soli ya meno, zilizokwisha kuzoea mguu wako, na ziwe kubwa kidogo, kwa sababu kwenye mteremko vidole vinagonga mbele kila hatua. Zangu zilikuwa saizi kamili. Ukucha wa kidole gumba cha kulia bado mweusi, na ninapoandika haya umeanza kuchomoka upande mmoja.