Dawati la watatu, mgeni wa nne

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Kiswahili kidato cha kwanza, hapa Ilemela, Mwanza, niliwapa wanafunzi insha: "Siku niliyojiona mgeni." Nilijiona mbunifu kweli. Karibu darasa zima likaniletea, "Ilikuwa siku ya Jumatatu, niliamka asubuhi na mapema, nikapiga mswaki." Mvulana mmoja aliyehamia kutoka kisiwa cha Ukerewe alileta karatasi tupu. Nikamsimamisha mbele ajieleze. Akanyamaza, na kule nyuma wawili wakaziba pua. Hadithi yake ilikuwa pale pale, nami nilitaka aianike mbele ya hao hao, kwa alama 15.

Siku hizi sianzi na maisha yao. Naanza na dawati.

Kwetu dawati moja hukaliwa na watatu. Naandika ubaoni: muhula una wiki mbili, anaingia mtoto aliyeshuka jana na meli ya kutoka Nansio, bandari ya Ukerewe, begi lake linanuka dagaa, mwalimu anamwelekeza kwenye dawati ambalo limeshajaa. Basi. Kisha nagawa nafasi: wewe ndiye mgeni, wewe umekaa pembeni, wewe katikati, wewe ukutani. Kila mmoja asimulie kwa "mimi", na aandike tu anachoweza kukiona, kukisikia au kukinusa akiwa hapo alipo.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalowatoa jasho. Mgeni anaandika, "Yule wa pembeni hakusogea kwa sababu sketi yake ilikuwa imechanika." Nampigia mstari mwekundu: umejuaje? Yeye anaona mtu asiyesogea, basi. Sketi ni siri ya mwenye sketi. Huyo naye, katika insha yake, hajui kwamba mgeni ameshahama shule mara tatu, wazazi wakihama kambi kufuata dagaa. Nasomesha insha hizo mbili kwa sauti, moja baada ya nyingine, na sisemi neno. Wanaocheka kwenye ya kwanza huwa kimya kwenye ya pili.

Mswaki niliufukuza kwa kanuni moja: hadithi ianze mlango ukiwa umeshafunguliwa.

Wakishazoea "mimi", ndipo nawapeleka nafsi ya tatu. Hapo angalia: wengi hufuta ni- wakaweka a-, wakadhani kazi imekwisha. Waulize msimulizi wao amesimama nyuma ya bega la nani. Asiyeweza kujibu, arudie aya ya kwanza tu, asirudie insha nzima. Utawachosha bure, na wewe utasahihisha hadi usiku.

Lafudhi na maneno ya Kijita au Kisukuma nayaruhusu midomoni mwa wahusika. Kwenye mtihani wataandika vingine, wanajua.

Zoezi hili nililijaribu kwanza na darasa lile lile. Mvulana wa karatasi tupu nilimpa, kwa makusudi, nafasi ya yule wa pembeni asiyesogea. Safari hii alijaza kurasa mbili. Alianza hivi: "Nilimwona tangu mlangoni, nikatandaza daftari langu."