Urea, CAN au SA? Gawanya kwanza, ndipo ununue

Huku kwetu Mbozi mahindi yakifika magotini swali huwa lilelile: safari hii tukuzie na mbolea gani: urea, CAN (kalsiamu amonia naitreti) au SA (salfeti ya amonia)? Wengi huamua kwa bei ya mfuko. Mimi naangalia kilichomo ndani. Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni, kirutubisho tunachokitafuta kwenye mbolea hizi, asilimia 46, yaani kilo 23. CAN ya asilimia 26 inakupa kilo 13, na SA kilo 10 na nusu tu. Tuseme urea ni shilingi 70,000 na CAN 60,000. Kilo moja ya naitrojeni kwenye urea itakugharimu kama 3,040, kwenye CAN zaidi ya 4,600. Na bado hujamlipa wa bodaboda, maana utahitaji karibu mifuko miwili ya CAN kufikia mmoja wa urea.

Hata hivyo kuna misimu nanunua CAN, tena bila kusita. Urea ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu, jua likapiga, hugeuka amonia ikapaa. Ukiifukia sentimita 5 hivi, au ikipata mvua ya maana siku hiyohiyo, inabaki. Kwa hiyo bei nzuri ya urea ni ya mwenye vibarua wa kufukia. Kama huna watu na mvua zinasuasua, chukua CAN: haipotei hewani kirahisi hivyo, na nusu ya naitrojeni yake ni naitreti ambayo mahindi huifyonza mara moja. Ila naitreti hushuka na maji, hivyo kwenye kichanga gawanya mara mbili, ya pili kabla mahindi hayajatoa mbelewele.

SA naiweka pale tu ninapoona upungufu wa salfa, kirutubisho kingine kilichomo ndani yake. Majani machanga ya juu yakiwa ya njano, ishuku salfa. Njano ikianzia majani ya chini, toka nchani kufuata mshipa wa katikati, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Kati ya hizi tatu SA ndiyo inayoongeza tindikali zaidi, kwa hiyo shamba lenye tindikali usilirudishie kila mwaka bila chokaa.

Halafu kuna habari ya kizibo cha soda, ambacho ndicho kipimo chetu cha mbolea shambani. Kizibo kimoja cha urea ni karibu gramu 5. Ukipanda sentimita 75 kwa 60, mashina mawili kila shimo, ekari ina mashimo kama 9,000, na kizibo kimoja kwa shimo kinamaliza takribani mfuko mmoja. Ukipanda 75 kwa 30, shina mojamoja, kizibo kizima kitakula karibu mifuko miwili, weka nusu. Iwe mbali kidogo na shina, maana ikigusa inaunguza.

Na ukibakiwa na urea kidogo na CAN kidogo, usizichanganye kwenye ndoo moja. Zinavuta unyevu upesi, zinalowa, na hutaweza kuzipima tena kwa kizibo.