Yaya, huyu Audrey Hepburn alisaidia kweli ama ilikuwa foto tu?

Mwezi uliopita niliandika mistari michache hapa juu ya Audrey Hepburn, yule mwigizaji aliyekuja kupiga filamu Kisangani enzi za Wabelgiji na baadaye akawa balozi wa UNICEF, nikadhani nimemaliza. Wapi! Mesaji zimejaa kwenye simu hadi ikaanza kuganda. Nimechagua chache, na mwenye kukuta yake nimeikata asininunie, karatasi nayo ina mwisho.

*Yaya jambo. Miye niko kijana wa Majengo, nilifanyaka kazi ya kugawa maji ku kambi ya badeplase, batu benye walikimbia vita, na niliona na macho yangu. Vedeti anakuja na magari ine, anabeba mutoto mumoja, foto, anapanguza machozi, foto, kisha magari inawaka anaenda zake, na mutoto anabakia na bido yake ya njano ku mulolongo wa maji. Sasa unatuambia huyu mama muzungu alikuwa tofauti. Tofauti ku nini?*
Kijana wa Majengo

Mdogo wangu, sitakubishia uliyoyaona, hata miye nimeyaona, tena si mara moja. Ila ngoja nianzie mbali kidogo, juu bila hiyo hadithi ya mwanzo utamweka kapu moja na wengine wote.

Huyu dada alizaliwa Ixelles, pale Brussels, tarehe 4 Mei 1929, mama yake Mholanzi wa ukoo wa kibaroni, baba akaondoka nyumbani mtoto akiwa na miaka sita. Vita ilipoanza mama akampeleka Uholanzi akidhani kule kutakuwa salama, kumbe ndiko Wajerumani walikoingia. Mjomba wake, mume wa dada ya mama, walimpiga risasi 1942. Halafu ikaja baridi ya 1944 kuamkia 1945, Wajerumani wamefunga njia za chakula, na watu kama 20,000 wakafa njaa katika nchi ile ile tunayoijua kwa maziwa na jibini. Watu walisaga vitunguu vya maua ya tulipu wakapata unga. Maua, unasikia? Binti alikuwa na miaka kumi na tano, miguu imevimba, damu imepungua.

Vita ilipoisha, chakula cha msaada kikafika. Akakamata kopo la maziwa mazito yenye sukari akalimaliza lote peke yake, na tumbo lililozoea kukaa tupu likakataa, akaugua.

Hapo ndipo nilipomshika huyu mtu moyoni, nikueleze kwa nini. Januari 2002 Nyiragongo ilipopasuka na lava ikakata mji wetu wa Goma katikati, nilikimbilia Gisenyi na mtoto wangu wa kwanza mgongoni, tukalala kwenye majani. Siku ya pili mtu nisiyemjua akatupa shitingi na pakiti ya biskuti, zile ngumu za msaada, na mtoto akazifakamia zote nikimwangalia tu kwa furaha, eti leo amekula. Alitapika usiku kucha. Nilikuwa namfuta na kanga ile ile niliyombebea. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna vedeti aliyewahi kutapika chakula cha msaada, namsikiliza tofauti na yule aliyekiona kwenye karatasi za ONG, yaani mashirika ya misaada.

Kitu kimoja watu wanachanganya: wanasema UNICEF ndiyo ilimlisha. Hapana, UNICEF ilianzishwa Desemba 1946. Msaada ule ulitoka UNRRA, shirika la kabla yake, na UNRRA ilipofungwa ndipo UNICEF ikapokea kazi ya watoto. Kwake yeye lilikuwa deni moja tu, na miaka arobaini baadaye akaanza kulilipa.

Sasa turudi kwenye foto zako. Safari yake ya kwanza kubwa ilikuwa 1988, Ethiopia, akaingia kituo cha yatima kule Mek'ele chenye watoto 500 wenye njaa. Mwaka huo huo akaenda Uturuki kwenye chanjo, Venezuela, Ecuador, halafu 1989 Amerika ya Kati, Sudan, Bangladesh, 1990 Vietnam. Kamera ilikuwepo kila mahali, na ndiyo kazi yenyewe, juu balozi wa namna ile hana bajeti wala dawa wala lori, malipo yake ni dola 1 kwa mwaka ya ishara tu, kitu alichonacho ni sura ambayo dunia nzima inaijua. Tofauti unayoiuliza iko baada ya foto. Yule wa magari manne foto ikishatoka amemaliza. Huyu foto ikishatoka ndiyo kwanza anaanza, anaingia televisheni moja hadi nyingine, leo Kifaransa kesho Kiitaliano kesho kutwa Kiholanzi, 1989 akaenda hadi mbele ya wabunge wa Marekani kuongelea watoto wa Afrika, na ni mtu aliyekuwa muoga wa kuongea mbele ya watu, sijui mnaelewa? Mbele ya kamera ya filamu kuna maneno umeandikiwa. Pale hakuna.

Safari kubwa ya mwisho ilikuwa Somalia, Septemba 1992. Alirudi tumbo linamuuma, Novemba wakampasua Los Angeles wakakuta kansa, akaletwa nyumbani Uswisi kwa ndege aliyotafutiwa na rafiki yake Givenchy, fundi wa mitindo, akala Noeli na watoto wake, tarehe 20 Januari 1993 akafariki, miaka 63. Kaburi liko Tolochenaz, kijiji tu.

Simtetei kwa yote lakini. Kwenye picha nyingi nilizoziona, yeye jina lake limeandikwa chini na mtoto aliyembeba hana jina. Hilo linaniuma hadi leo, na nadhani ndilo lililokuuma na wewe.

Na hata wa siku hizi tusiwachinje wote kwa kisu kimoja. Angelina Jolie alikuja hapa Goma Machi 2013 na waziri wa mambo ya nje wa Uingereza wa wakati ule, William Hague, kwa ajili ya ubakaji wa vita, na kutembea na waziri ni tofauti na kutembea na mpiga picha peke yake. Ben Affleck 2010 alianzisha shirika lake la Eastern Congo Initiative, likashika mambo ya kahawa na wakulima. Hapo siongelei upole wa mtu, naongelea kitu kinachobaki gari likishaondoka.

*Yaya, miye niko ku trupu ya teatri, miaka 19. Rafiki zangu wanasema Audrey alikuwa sura na nguo tu, kuigiza hajui. Ni kweli? Na hiyo filamu ya Congo ni gani?*
Binti wa Himbi

Waambie rafiki zako watafute hiyo hiyo filamu ya Congo, kwa Kifaransa inaitwa "Au risque de se perdre", ya 1959, mwongozaji Fred Zinnemann. Amecheza sista muuguzi, Sista Luka. Sasa fikiri: wamemfunika nywele, wamemfunika shingo, hakuna gauni, hakuna kiuno, na sheria ya nyumba ya masista ni kunyamaza. Kimebaki uso kama sahani na mikono miwili, basi. Na filamu ni karibu saa mbili na nusu! Ukiwa sura na nguo tu, pale unaumbuka dakika ya kumi. Yeye alipata uteuzi wa Oscar, na Waingereza wakampa tuzo yao kabisa.

Mwangalie hasa mwisho. Sista anavua ile kanzu, anavaa nguo za raia, anabonyeza kitufe, mlango unafunguka wenyewe kwenye kichochoro, anatoka, anatembea hadi anapotea kwenye kona. Hakuna muziki. Mwongozaji aligoma usiwekwe, juu muziki ungewaambia watu wafurahi ama walie. Miye nimeirudia sehemu ile mara nyingi na kila mara naangalia mgongo wake tu. Wewe wa teatri, jifunze mgongo.

Sehemu za Congo walipiga mwanzoni mwa 1958 Stanleyville, yaani Kisangani, wakaenda hadi kwenye kijiji cha wagonjwa wa ukoma pale Yakusu. Sista wa kweli ambaye hadithi inatoka kwake, Marie Louise Habets, Mbelgiji aliyekuwa muuguzi hapa Congo, walikuwa marafiki, na Audrey alipoanguka na farasi 1959 kwenye filamu nyingine, yule sista wa zamani ndiye aliyemuuguza. Hebu ona hiyo, aliyeigizwa anamuuguza aliyemuigiza.

Halafu nikuonye: ni filamu ya wakati wa ukoloni, ina macho ya wakati ule. Wacongo wengi mle wanapita nyuma, wanabeba, wanacheka, wanaimba. Mmoja wa wachache wenye jina anaitwa Kalulu, sungura kabisa kama wasemavyo watu wa Katanga, na aliyemcheza alikuwa Mnigeria, Orlando Martins. Iangalie na kalamu mkononi.

Kuhusu kipaji chenyewe, yeye alitaka kuwa mcheza baleti, London wakamwambia urefu umezidi na njaa ya vita imemharibia mwili. Ndiyo akaingia kuigiza. Jaribio la filamu ya "Vacances romaines" walimpiga 1951, wakasema basi imetosha, ila kamera wakaiacha inazunguka kwa siri, na yeye akakaa kitandani anacheka na kuongea kama mtoto wa nyumbani. Kile kipande cha baada ya kazi ndicho kilichompa kazi. Filamu ikatoka 1953, akachukua Oscar. Na Gregory Peck, mwenzake aliyekuwa mkubwa tayari, alidai jina la huyo binti mgeni liwekwe juu sawa na lake. Wakubwa wa teatri za Goma mmesikia hiyo?

*Yaya, si ndiye aliyecheza kwenye ile mashua na Humphrey Bogart? Baba yangu anabisha.*
Msomaji wa Bukavu, Kadutu

Baba ameshinda. Yule wa mashua, "The African Queen" ya 1951, ni Katharine Hepburn, Mmarekani, hawana undugu. Ila hata ile ilipigwa sehemu Congo, mto Ruiki huko kusini mwa Kisangani, wengine wote wakashikwa na tumbo kwa sababu ya maji, kasoro Bogart na mwongozaji, ambao wenyewe walijisifu kwamba walikuwa wanakunywa wiski tu. Usimwonyeshe baba mstari huu.

*Niko fundi wa kushona, Birere. Nilisikia gauni jeusi la Audrey liliuzwa pesa za kujenga nyumba kumi na pesa zikaenda Bukavu, Cité de la Joie. Kweli?*
Mama Fundi

Nusu kweli, mama. Gauni ni lile la "Diamants sur canapé", filamu ya 1961, la huyo huyo Givenchy. Givenchy mwenyewe akalitoa zawadi kwa mwandishi wa Kifaransa Dominique Lapierre, likauzwa kwa mnada London Desemba 2006, pauni 467,200. Pesa zilienda City of Joy, ndiyo, lakini ile ya India, shirika la Lapierre kwa maskini wa Kolkata. Ya kwetu Bukavu ya kina mama walioumizwa na vita ilifunguliwa 2011, majina yamegongana tu. Gauni lenyewe halina nakshi hata moja mbele, mama, ujanja wote uko mgongoni, namna walivyolikata kwenye mabega. Nitakuletea picha, unishonee na miye.

*Yaya, tuko vijana sita Katindo. Tunataka kuonyesha hiyo filamu ya sista ku ukuta, watu walipe, tununulie watoto wa kartiye madaftari. Unashauri nini?*
Vijana Sita

Kwanza filamu bado ina wenyewe, ulizeni ruhusa kwa mtu anayejua mambo hayo kabla hamjabandika tangazo. Pili tafuteni ile yenye sauti ya Kifaransa, mkileta ya Kiingereza na maandishi madogo chini, mama anayeuza samaki wa sambaza atasimama dakika tano anaenda zake. Jenereta msikodi kabla ya kuijaribu na projekta kwa saa tatu nzima. Kiingilio kiwe kile ambacho motari anaweza kutoa bila kufikiri, watoto waingie bure.

Na pesa. Kwenye kartiye yetu kuna kikundi kilichanga hivyo hivyo mwaka fulani, sitataja, sanduku likaenda kulala kwa mmoja wao, asubuhi likaamka jepesi. Lenu fungueni pale pale, taa zikiwaka, mhesabu kwa sauti, mtoto mmoja wa shule aandike namba ubaoni. Orodha ya watoto wa kupewa iandikwe kabla ya siku, majina kamili, na mkipiga foto wakati wa kugawa, majina yao ndiyo yaandikwe chini, yenu si lazima.

Mkishapanga tarehe nitumieni mesaji. Nitakuja na kiti changu cha plastiki nikae mbele, na kuna mtu atakayeongea wakati ule mlango unafunguka, nitamfukuza miye mwenyewe.