Kaa kafia ndooni na maji tele

SWALI: Mwalimu, mwanangu alikamata kaa kwenye mawe, akamtia kwenye ndoo iliyojaa maji ya bahari. Tukaiacha juani tangu asubuhi. Ilipofika adhuhuri kaa akawa anahangaika kupanda ukingo huku akitoa povu mdomoni. Baadaye tukamkuta amekufa. Maji yalikuwa ya uvuguvugu tu, wala hayakupungua. Kilichomuua ni nini?

JIBU: Alikosa pumzi, na moyo ukamshinda. Huo uvuguvugu ndio uliokudanganya. Kaa hajitengenezei joto la mwili kama sisi; maji yakifika nyuzi 30, naye ni nyuzi 30 mpaka ndani ya moyo.

Joto likipanda kwa nyuzi 10, mahitaji yake ya oksijeni huongezeka kama mara mbili, pengine zaidi. Maji nayo ndiyo kwanza yanazidi ufukara: lita moja ya maji ya bahari yenye nyuzi 10 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni, lakini kwenye nyuzi 30 hubaki 6 na ushei.

Kando ya mdomo wa kaa, ndani ya gamba, kuna kijikasia kinachovuta maji yaingie kwenye mashina ya miguu, yapite kwenye matamvua, yatokee mbele. Joto likizidi, kijikasia huenda mbio, na moyo ulioko mgongoni nao mbio. Hapo ndipo ninapomhurumia. Moyo wake ni kifuko kimoja chenye vitundu, na damu huingia humo kati ya pigo na pigo. Mapigo yakikaribiana mno, kifuko hakiwahi kujaa: moyo unapiga sana, unasukuma kidogo. Damu yenyewe, ambayo ni ya buluu ikiwa na oksijeni kwa sababu ya shaba iliyomo, ikipata joto haiishiki tena oksijeni sawasawa. Mwishowe mapigo huvurugika, kisha husimama.

Na lile povu? Alikuwa anatafuta hewa. Lita ya hewa ina oksijeni zaidi ya mara 30 ya lita ya maji, kwa hiyo kaa wengi wa mawe wakibanwa hujitokeza juu na kupitisha hewa kwenye maji kidogo yaliyobaki matamvuani. Maji hayo yakivukizwa humpoza pia. Wako alikwamishwa na ukingo unaoteleza. (Kaa wa mchangani wa jamii ya Ocypode ni habari nyingine: kuta za chumba chao cha matamvua zina mishipa mingi na hufanya kazi ya mapafu. Hao ukiwazamisha muda mrefu hufa hata maji yawe baridi.)

Mtoto akikamata mwingine, tumieni beseni pana, kivulini, maji ya kufunika miguu tu, na jiwe la kupandia. Mrudisheni siku hiyohiyo.