Kabla ya Kumwamini Anayesema Riwaya Haifai

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikutana na wenzangu wachache kila mwezi kuzungumzia riwaya tulizosoma. Kilichonichosha mwanzoni hakikuwa ubishi wenyewe bali namna tulivyobishana: mmoja alisema kitabu ni kitamu, mwingine akasema hakina kitu, na kila mmoja akashikilia lake hadi chai ikapoa.

Kilichonifumbua macho ni Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960. Mwenzetu mmoja, mpenzi mkubwa wa riwaya za Elvis Musiba, aliiacha kabla ya kufika nusu, kwa kuwa mpelelezi wake, Bwana Msa, huketi na kiko chake akiuliza na kukisia, ilhali Willy Gamba, mpelelezi wa Musiba katika Kikosi cha Kisasi, hutumwa Kinshasa, na huko risasi hazikawii kulia. Nilikuwa karibu kumwita mvivu wa kusoma. Nilipomwomba anionyeshe mahali palipomshinda, alifungua mazungumzo marefu, yaleyale niliyokuwa nimeyapigia mstari kwa furaha. Yaliyomo kitabuni tuliyaona sawasawa. Tulichokitafuta ndicho kilichotofautiana.

Tangu siku hiyo simwulizi mtu kama riwaya ni nzuri. Namwuliza aliishia wapi na kwa nini, na nakushauri ufanye hivyo, kwa sababu lawama inayotaja sababu itakusaidia kuchagua kuliko sifa tupu. Akilalamika kwamba Gamba huponea chupuchupu mara nyingi mno, anasema kweli, lakini aliyerudi kazini amechoka huenda anatafuta hilohilo.

Kwa riwaya za kifantasia tahadhari inahitajika zaidi. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ndugu wawili waliogeuzwa manyani wanaitwa Hasidi na Mwivu, na baadhi yetu walinung'unika kwamba majina hayo humfichulia msomaji kila kitu mapema. Aliyekulia kwenye hadithi za Alfu Lela Ulela hakuona kasoro yoyote, kwani yeye hakusubiri kujua nani mbaya; alisubiri kuona jinsi majini watakavyoingilia kati. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, nayo ni fupi sana, na bado niliiweka chini mara mbili. Mara ya tatu niliisoma usiku mmoja bila kujiuliza tuko wapi wala ni lini, kama mtu anayesikiliza ndoto ya mwenziwe, nikafika mwisho nikiwa nimeridhika. Hata hivyo, nisingempa anayeanza kusoma riwaya, wala nisingemcheka aliyeshindwa nayo.

Kuna adabu moja niliyojifunza kwa aibu. Riwaya ya upelelezi unaweza kuisifu au kuiponda kwa saa nzima bila kumtaja muuaji, lakini katika kikao kimoja, nikiwa katika joto la kutetea ustadi wa mwandishi, nililiropoka jina la muuaji mbele ya mwenzetu aliyebakiza sura mbili. Alikifunga kitabu taratibu, akakitia mkobani, na tangu hapo kila tunapoanza mazungumzo huomba mimi niwe msemaji wa mwisho.